Darasa la awali na mtoto wa mazingira magumu mkoani Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa kwenye mikutano ya mtaa, kwenye foleni za kliniki na kwenye mabaraza ya Ngamiani, Makorora, Sahare na Tongoni. Wanaouliza zaidi ni mabibi wanaolea wajukuu, kina mama wa vitumbua na mama lishe, wavuvi na vibarua wa mkonge. Majibu yanafuata sheria na sera za Tanzania Bara. Pale ninapoona sera imempita pembeni mtoto iliyemkusudia, nimesema. Huna haja ya kusoma yote. Nenda kwenye swali lako.

Mtoto anaanza awali akiwa na miaka mingapi, na anakaa muda gani?

Anaanza na miaka 5, anakaa mwaka mmoja, kisha anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Ndivyo inavyosema Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan mwanzoni mwa 2025. Mtaala mpya wa awali ulikuwa umeshaanza kutumika tangu Januari 2024.

Mbona mama yangu anasema ni miaka miwili, na jirani anasema hata wa miaka mitatu anapokelewa?

Wote wana haki, kila mmoja kwa zama zake. Sera ya 1995, iliyoiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, ilitaka miaka miwili kwa watoto wa miaka 5 na 6, na darasa la kwanza lianze na miaka 7. Sera ya 2014 ikashusha umri: awali kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Toleo la 2023 likarudi kwenye miaka 5, mwaka mmoja tu.

Ndani ya miaka thelathini, basi, umri umepangwa mara tatu. Ofisini badiliko kama hilo ni aya moja. Mtaani, mama aliyempeleka mtoto wake wa kwanza akiwa na miaka 4 anafika na wa pili mwenye umri uleule, anaambiwa arudi mwakani. Akishamrudisha nyumbani, wengine hawarudi tena hadi mtoto ana miaka 8.

Ni bure kweli?

Ada haipo. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali, kuanzia awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Waraka Na. 3 wa 2016 ukafuata kueleza nani anabeba nini. Ukiusoma huo wa pili utaona mzigo uliobaki kwa mzazi: sare, madaftari, kalamu, chakula, matibabu.

Kwa mfanyakazi wa bandarini hiyo ni orodha ya manunuzi ya Desemba. Kwa bibi anayeuza maembe ya kukatwa pale soko la Mgandini, kila kitu kwenye orodha hiyo ni mlango mwingine wa kubisha. Sare peke yake ina shati, kaptula au sketi, sweta, soksi na viatu, na mtoto wa miaka 5 haimalizi miezi minane kabla haijambana. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "wazazi hawana mwamko, elimu ni bure", huwa namuuliza ni lini mara ya mwisho alinunua viatu vya mtoto kwa fedha ya maembe.

Mtoto wangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Ni halali?

Hapana. Sare ni wajibu wa mzazi, lakini kuikosa hakumwondolei mtoto haki ya kusoma. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabia mtoto elimu kuwa haki, na inakataza ubaguzi. Anza kwa mwalimu mkuu, ana kwa ana, kwa heshima. Usibishane na mwalimu wa darasa mbele ya watoto. Mara nyingi huishia hapo. Isipoishia, nenda kwa Afisa Elimu Kata, na uende na mjumbe wa kamati ya shule.

Na mchango wa uji?

Hili ni gumu kidogo. Serikali ina mwongozo wa taifa wa chakula na lishe shuleni, unaowataka wazazi na jamii wachangie ili watoto wapate chakula shuleni, na nauunga mkono, kwa sababu mtoto aliyeondoka nyumbani na chai ya rangi akifika saa nne hasikii tena anachofundishwa. Makubaliano hufanywa kwenye mkutano wa wazazi: mahindi kiasi gani, sukari kiasi gani, mpishi alipwe nini.

Tatizo huja siku ya kugawa. Nimekuta shule ambako waliochanga wanapanga mstari na vikombe vyao na wasiochanga wanaambiwa wakacheze. Watoto wa miaka 5! Wanajua vizuri sana kwa nini wako upande ule, na wiki inayofuata wengine hawaji. Hakuna mwongozo unaoagiza hivyo. Kwenye mkutano ule ule wa kupanga mchango, pendekezeni pia jinsi ya kuwafunika wasioweza: wenye nacho waongeze kidogo, au mzazi asiye na fedha alete kuni, asonge uji, achote maji. Shule zilizoamua hivyo mapema hazigombani kila mwezi.

Michango ya hiari ya ujenzi au ya kitu kingine chochote isimamiwe na jamii yenyewe kwa taratibu zilizowekwa, na isiwe sababu ya kumtoa mtoto darasani.

Kama milango imefunguliwa, kwa nini darasa la awali limejaa hivyo?

Kwa sababu milango ilifunguliwa kabla viti, vyumba na walimu havijaongezwa. Mwaka 2015 watoto walioandikishwa awali nchi nzima walikuwa takriban milioni 1.07. Mwaka 2016, ada ilipoondoka, wakafika takriban milioni 1.56. Karibu nusu milioni kwa mwaka mmoja! Hakuna chuo cha ualimu kinachoweza kutoa walimu wa kuwatosha hao kwa kipindi hicho.

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Shule nyingi za umma zimekuwa mara tatu au nne ya hapo, na mahali pengine mwalimu wa awali ni mwalimu wa darasa la pili aliyeombwa ashike, au kijana wa kujitolea anayelipwa kwa mchango wa wazazi.

Ingia kwenye darasa la namna hiyo saa tatu asubuhi. Mikeka imetandikwa ukutani hadi ukutani. Kona za ujifunzaji zipo, mtaala unazitaka: vizibo vya soda kwenye kopo la rangi, vijiti vilivyofungwa kumi kumi, magunzi, vifuu vya nazi, picha za wanyama zilizochorwa kwenye gunia la saruji. Mwalimu amehangaika navyo. Lakini vizibo ni vya watoto thelathini na waliokaa ni mia na zaidi, kwa hiyo kopo linabaki kwenye rafu, na watoto wanaimba "moja, mbili, tatu" kwa pamoja hadi hamsini. Wale wa mstari wa mbele wanahesabu. Wa nyuma wanafuata sauti. Ukimchukua mmoja wa nyuma ukamwekea vizibo sita mkononi, hajui ni vingapi.

Sasa angalia nani anakaa nyuma. Mzazi mwenye kipato, akiona msongamano, anamhamishia mtoto shule binafsi yenye basi la njano. Anayejua kuongea na mwalimu, mtoto wake hukaa mbele. Kuondolewa kwa ada kulimwingiza mtoto maskini darasani, na hilo nalipongeza bila kusita. Lakini anachopata humo ndani ni kidogo kuliko alichoahidiwa, na sera iliyohesabu vichwa vya walioandikishwa haikuona hilo.

Wataalamu husema awali humfaa zaidi mtoto maskini. Ni kweli?

Ni kweli, ikiwa ni awali hasa. Utafiti unaotajwa mara nyingi ni ule wa Perry Preschool, mjini Ypsilanti, Michigan, Marekani. Kati ya 1962 na 1967 watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapata shule ya awali, wengine hawakupata. Wakafuatiliwa hadi utu uzima. Walipofika miaka 40, waliosoma awali walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi.

Wanaoutaja utafiti huo kwenye semina zetu huruka sehemu moja: kule mwalimu mmoja alikuwa na watoto sita hivi, na aliwatembelea nyumbani kila wiki. Huwezi kuchukua matokeo ya darasa lile ukayaahidi kwa darasa la watoto 110.

Mwanangu ana miaka mitatu. Nafanya kazi. Apelekwe wapi?

Hapa ndipo penye pengo kubwa kuliko yote, na ndilo swali ninaloulizwa zaidi.

Mtoto wa miaka 2 hadi 4 hayuko chini ya elimu. Yuko chini ya ustawi wa jamii, katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Anakotakiwa kwenda ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, kinachosajiliwa kwa Sheria ya Mtoto. Vituo hivyo karibu vyote ni vya watu binafsi au vya taasisi za dini, na vinatoza. Akifika miaka 5 anahamia upande wa elimu, na huko hakuna ada. Kwa hiyo miaka ile mitatu ya katikati, kinachoamua mtoto alelewe vipi mchana ni mfuko wa mama yake.

Tazama inavyokuwa. Mama wa Makorora anaamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua. Saa kumi na mbili yuko barabarani na ndoo yake. Wa miaka mitatu anabaki na dada yake wa miaka tisa. Dada anamvizia alale ndipo akimbie shule, anafika saa nne, anachapwa kwa kuchelewa. Kufika darasa la nne ameshachoka na shule. Watoto wawili wamekosa kwa kukosekana kituo kimoja, na kwenye takwimu anaonekana mmoja tu, yule dada, ameandikwa "mtoro".

Wengine humpeleka yule mdogo awali na kusema ana mitano. Mwalimu anajua. Mtoto wa miaka mitatu hajifichi, ikifika saa nne amelala kwenye mkeka. Mwalimu humwacha tu, maana akimfukuza ataenda wapi? Lakini huyo ni mmoja zaidi kwenye ile mia.

Serikali imeliona pengo hili. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa kifupi PJT-MMMAM, ya 2021/22 hadi 2025/26, kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Inaunganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio (ya kumsikiliza na kumjibu mtoto), ujifunzaji wa awali na ulinzi. Ndani yake kuna vituo vya kijamii vya malezi: jamii inatoa jengo na walezi, halmashauri inatoa usimamizi na mafunzo. Ni wazo zuri. Kinachoviangusha vituo vya namna hii ni posho ya mlezi. Mama wa kujitolea huvumilia miezi michache, kisha hurudi kwenye biashara yake, naye ana watoto wa kulisha.

Mimi ningeanzia sokoni. Kituo kimoja karibu na soko la Mgandini na kimoja karibu na diko la samaki la Deep Sea, walezi wawili wawili wakilipwa kwa mapato ya ndani ya Jiji, kwa sababu ushuru unaokusanywa hapo kila siku unatoka kwa kina mama haohao.

Jirani analea watoto kumi na watano barazani kwake. Anaruhusiwa?

Bila usajili, hapana. Kituo husajiliwa kupitia Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, anayekagua jengo, choo, maji, uzio, eneo la kuchezea na sifa za walezi. Mwelekeze huko. Msimchongee kwanza, kituo kikifungwa ghafla, watoto kumi na watano wanarudi kukaa na dada zao. Maafisa wengi huona bora kumpa muda arekebishe, isipokuwa kama watoto wako hatarini.

Hana cheti cha kuzaliwa. Ataandikishwa?

Nenda na kadi ya kliniki, inaonyesha tarehe ya kuzaliwa. Kukosa cheti hakumwondolei haki ya elimu. Lakini usilale: mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano hutoa cheti bila malipo, kwenye ofisi ya kata na kwenye vituo vya afya. Akishavuka miaka mitano utapitia wilayani kwa utaratibu wa kawaida, wenye ada na safari.

Wasio na vyeti ni walewale: waliozaliwa nyumbani, wa mama waliohama, wa baba waliokana. Sera imepunguza tatizo, ila imeweka ukomo kwenye siku ya kuzaliwa ambayo mzazi wa namna hiyo aghalabu haikumbuki.

Nalea mjukuu, wazazi hawapo. Naweza kumwandikisha mimi?

Ndiyo, bibi. Mlezi anayeishi na mtoto anamwandikisha. Ukiambiwa ulete mzazi, pata barua ya Mtendaji wa Mtaa inayosema unaishi naye, yatosha. Na usiishie hapo: mtoto aorodheshwe na Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya mtaa, maana misaada ikija huanza na orodha hiyo. Asiyeandikwa hayupo.

TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inasaidia?

Kwa kaya iliyo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ndiyo. Sehemu ya ruzuku ina masharti ya kliniki kwa wadogo na mahudhurio shuleni kwa wakubwa, na wengi hununulia sare na madaftari kwa fedha hiyo. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa hadhara, kwa hiyo asiyehudhuria mkutano hujikuta nje kwa miaka.

Mwanangu ana ulemavu. Mwalimu anasema "hatuna mtaalamu".

Mwalimu pengine anasema kweli, ila jibu haliwezi kuishia hapo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma sawa na wenzake, na kuna Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unaotaka shule za kawaida zimpokee. Dai apimwe, kisha aelekezwe kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri. Yeye ndiye anayejua shule gani ina kitengo cha elimu maalumu na mwalimu aliyeisomea, kwa mfano katika Chuo cha Patandi kule Arusha.

Mkoa wetu hauanzi sifuri. Lushoto, pale Irente, kuna shule ya wasioona na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, zote zinajulikana nchi nzima. Lakini Irente ni mlimani, na mtoto wa miaka 5 wa Mwarongo hawezi kupelekwa bweni milimani kana kwamba ni mwanafunzi wa sekondari. Anahitaji darasa alilo nalo mtaani kwake: mlango upitike na kiti cha magurudumu, choo asichotambaa kukiingia, na mwalimu aliyefundishwa angalau lugha ya alama ya msingi. Walimu hawa wanaombwa kila bajeti. Waliopatikana hupelekwa shule za msingi zenye vitengo, na darasa la awali hungoja.

Kuna wazazi wanaowaficha watoto hawa ndani. Jamani, msiwaseme vibaya. Wengi waliwatoa mara moja, wakaambiwa wawarudishe.

Asubuhi anakwenda chuoni, yaani madrasa. Si inatosha?

Chuo ni chuo. Mtoto wa pwani kukua bila kukaa mbele ya ustadhi au mwalimu wake ni jambo geni, na sishauri mtu aache. Lakini kisheria madrasa haihesabiwi kuwa shule ya awali mpaka isajiliwe hivyo na kufuata mtaala.

Si lazima vigombane. Mombasa miaka ya 1980 ilianza programu ya madrasa iliyosaidiwa na Aga Khan Foundation, ikafika Zanzibar mwaka 1990: wanawake wa mtaa walifunzwa ualimu wa watoto wadogo, na darasa moja likabeba mafunzo ya dini pamoja na michezo, hadithi na hesabu. Wazazi waliowanyima watoto chekechea za mjini walizikubali hizo. Kwetu, njia nyepesi ni kuzungumza ratiba: awali asubuhi, chuo alasiri. Masheikh wengi niliowasikia hawana tatizo nayo, wanachotaka ni kuulizwa kabla.

Tunaishi kambi ya mkonge, shule ni mbali. Na sisi wa dagoni, kwenye kambi za wavuvi?

Kwa wa mkonge, neno la kuulizia ni shule shikizi. Ni madarasa machache, ya awali na ya chini, yanayojengwa karibu na makazi yaliyo mbali na kushikizwa kwa shule mama. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilipokuja, madarasa 3,000 yalipangwa kwa shule shikizi nchi nzima, na baadaye mradi wa BOOST, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, ukaelekezwa kwenye awali na msingi, pamoja na madarasa ya awali ya mfano. Maombi huanza kwenye mkutano wa kijiji, na idadi ya watoto ndiyo hoja. Wahesabuni kambi kwa kambi, majina na umri, kabla ya kwenda kwa diwani. Kambi ambayo wafanyakazi huhamahama hupoteza hoja kwa sababu hakuna aliyewahesabu watoto wake.

Wavuvi wanaofuata dago wana shida nyingine: familia inahama na pepo za bahari. Mtoto huanza Tongoni Januari, ikifika katikati ya mwaka yuko Kigombe au Moa. Chukua barua ya mwalimu mkuu kabla ya kuondoka, na muulize mwalimu wa huko mnakokwenda ampokee mara moja. Sera zote zimeandikwa kwa mtoto anayekaa mahali pamoja mwaka mzima. Sijaona inayomtaja mtoto wa dagoni.

Ndugu zetu wa Mombasa na Pemba wana utaratibu gani?

Kenya, Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na ni miaka miwili kabla ya darasa la kwanza. Ubora wa chekechea ya Kwale au Mombasa, basi, unategemea gavana na bunge la kaunti. Zanzibar ina sera yake, maana elimu hii si jambo la Muungano: sera ya 2006 iliiweka awali ndani ya elimu ya msingi ya lazima, na vijijini kuna vituo vya Tucheze Tujifunze, maarufu kama TuTu, vinavyoendeshwa na jamii. Hivyo vya TuTu ndivyo ningependa madiwani wetu wavuke bahari wakavione.

Akikosa awali, darasa la kwanza watamkataa?

Hapana, ataandikishwa. Ila atakaa na wenzake wanaojua kushika kalamu, na kama mwalimu ana watoto mia hataweza kumrudia.

Nani hasa mwenye jukumu? Kila ofisi inanituma kwingine.

Wizara ya Elimu hutunga sera na mtaala na kukagua ubora. TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), kupitia halmashauri, huendesha shule na kupanga walimu. Ustawi wa Jamii husimamia vituo vya wadogo. Afya ina kliniki. Mtoto ni mmoja, meza ni nne, na mama ndiye faili linalotembea katikati yake. Kwa shule ya awali ya serikali, anza kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, kisha idara ya elimu ya awali na msingi ya halmashauri. Kwa kituo cha kulea, Afisa Ustawi wa Jamii.

Sisi wazazi tunaweza kubadilisha nini?

Sera ya taifa, polepole. Yanayoamuliwa kata na halmashauri, haraka kuliko mnavyodhani. Kamati ya shule ina nafasi za wazazi, na nafasi hizo mara nyingi huchukuliwa na walewale watatu kwa sababu wengine hawaji. Mapato na matumizi ya shule yanatakiwa kubandikwa. Yasomeni, yapigeni picha kwa simu, muulize darasa la awali limepata nini. Mikutano ya mtaa ya kupanga vipaumbele hufanyika kabla ya bajeti. Nimehudhuria ambako watu walibishana saa nzima kuhusu taa za barabarani na hakuna aliyetamka mwalimu wa awali. Mwaka huo walipata taa.

Uandikishaji ni lini, na nibebe nini?

Kwa kawaida huanza Oktoba kwa ajili ya Januari. Beba kadi ya kliniki, cheti kama kipo, barua ya Mtendaji kama wewe si mzazi. Nenda mapema, na mtoto umchukue, mwalimu apate kumwona. Ukikataliwa bila sababu, au ukimjua mtoto anayefichwa, anayetumikishwa au anayeteswa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Hailipiwi.